Shada, pango au kamba ya siku? Majilio kwa nyumba yenye watoto wadogo, Nyanda za Juu Kusini

Kila ikikaribia mwisho wa Novemba, swali ni lile lile kwenye jumuiya zetu za Kikatoliki: nyumbani tufanye nini ili watoto wajue kwamba haya ni Majilio, majuma ya kungoja Noeli, na siyo foleni tu ya kusubiri gauni jipya na pilau? Wakubwa wana mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na Utoto Mtakatifu, shirika la watoto la Kanisa. Wadogo, wale wa kati ya miaka 2 na 7, shule imefunga na wako mikononi mwetu kutwa nzima.

Desturi tatu ndizo zinazotajwa zaidi: shada la mishumaa minne, pango la kuzaliwa Yesu linalojengwa kidogo kidogo, na kamba ya siku yenye matendo. Nitazilinganisha kwa vigezo vile vile. Neno moja kabla ya kuanza: chagua moja. Nyumba inayoanza na zote tatu kwa mpigo, ikifika Dominika (Jumapili) ya pili shada limekauka, pango limekuwa uwanja wa mpira na kamba imeanikiwa soksi.

Vigezo

Mikono ya mtoto: yeye mwenyewe anafanya nini? Mtoto wa miaka 3 asiyegusa kitu hayumo.

Mfuko: nini lazima kinunuliwe, na nini kinapatikana nyuma ya nyumba.

Jioni ya Jumatano: Desemba huku ni mvua na baridi, mahindi na viazi vinataka kupaliliwa, umeme unakatika, baba yuko njiani na ugali haujasongwa. Jumapili kila desturi inawezekana. Je, Jumatano inawezekana? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote.

Hatari na usumbufu: moto, vitu vya kumezwa, ugomvi.

Anachobaki nacho: Noeli ikishapita, mtoto ameshika nini kuhusu imani?

Shada la Majilio

Ni duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Dominika ya kwanza unawashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo hadi minne. Wa waridi ni wa Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha, siku ambayo hata padre anaweza kuvaa kasula, vazi lake la Misa, ya rangi hiyo. Wengi hudhani shada limetoka Roma. Mwanzilishi wake ni mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto wa maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili, kwa sababu watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Wakatoliki tuliipokea desturi hii karne iliyofuata.

*Mikono ya mtoto.* Hapa shada lina upungufu. Kiberiti hakishikwi na mtoto, kwa hiyo kazi yake inabaki mbili: kuchuma majani siku ya kwanza, na kuzima mishumaa kila jioni. Usiidharau hiyo ya pili. Kwa mtoto wa miaka 3, kupuliza mshumaa ndiyo ibada yenyewe, na bila ratiba ya zamu mtalia wote.

*Mfuko.* Matawi ya paina kwa watu wa Mufindi, Kilolo na Njombe si ya kununua. Duara ni waya, au ukingo wa ungo uliochakaa. Mishumaa ya zambarau ukiikosa kwenye duka la vitabu la parokia, ile myeupe ya dukani ikifungwa utepe wa zambarau inatosha kabisa. Hakuna sheria ya Kanisa inayolazimisha rangi za mishumaa ya nyumbani kwako.

*Jioni ya Jumatano.* Umeme ukikatika shada ndiyo taa ya kulia chakula, na watoto wataomba wenyewe liwashwe. Dakika 5 zinatosha: washa, Baba Yetu, ubeti mmoja wa wimbo wa Majilio wanaoujua kutoka kanisani, puliza. Lakini linataka mtu mzima awepo, na awepo saa ile ile. Mama wa zamu za usiku au baba wa malori ya Tunduma atalikosa mara nyingi.

*Hatari.* Hapa niseme kwa kirefu kidogo. Paina ina utomvu, na ikikauka inashika moto haraka sana. Badilisha matawi kila baada ya wiki moja au mbili. Weka shada juu ya sinia la bati lenye mchanga, katikati ya meza, mbali na pazia na mbali zaidi na chandarua. Kwa nyumba ya chumba kimoja ambamo kitanda na meza vinagusana, mimi nisingeweka shada la moto. Na pamba, ambayo sijui nani alituambia ndiyo theluji ya Bethlehemu, isikaribie mishumaa hata kidogo. Nje mvua inanyesha watu wanapalilia mahindi, ndani tunamwaga pamba ili pafanane na Ulaya!

*Anachobaki nacho.* Hesabu ya kungoja inayoonekana kwa macho: mwanga unaongezeka. Mtoto wa miaka 5 anaelewa kwamba mshumaa ambao haujawashwa ni siku ambazo hazijafika. Wa miaka 2 haelewi wiki ni nini. Kwake ni moto tu, na moto mzuri.

*Linamfaa nani.* Familia inayokula pamoja jioni, yenye mtoto hata mmoja aliyefika miaka 4. Linafaa kipekee nyumba za ndoa mseto, ambazo huku ni nyingi: mama Mkatoliki wa Iringa, baba Mlutheri wa Njombe au Mmoraviani wa Rungwe. Shada halina ubishi wa madhehebu, na babu wa upande wa pili akija anaweza kuongoza sala bila mtu kujikunja.

Pango linalojengwa kidogo kidogo

Asili yake ni Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda hai pale Greccio, Italia, Noeli ya mwaka 1223. Papa Fransisko alikwenda huko huko Greccio tarehe 1 Desemba 2019 na kutia saini barua ya kuzihimiza familia zisiiache desturi ya kutengeneza pango nyumbani.

Ninalozungumzia hapa si lile la kununua likiwa kamili na kuliweka mezani tarehe 20. Hili linaanza likiwa tupu. Wiki ya kwanza ni hori na nyasi. Wiki ya pili wanaingia wanyama, ya tatu wachungaji na kondoo wao upande wa pili wa chumba. Maria na Yosefu wanaanzia mbali, tuseme juu ya dirisha la jikoni, na kila siku wanasogezwa hatua moja. Mtoto Yesu hawekwi hadi usiku wa 24. Mamajusi nao wanaanza safari baada ya hapo na kufika kwenye sherehe ya Epifania (Tokeo la Bwana), Januari, kwa hiyo pango linaendelea kuwa hai wakati majirani wameshasahau sikukuu.

*Mikono ya mtoto.* Hapa hakuna desturi inayolishinda. Chukua gunzi la mahindi, funga kipande cha kitenge cha bluu kuanzia shingoni hadi chini, kingine kidogo kichwani, uzi mmoja kiunoni: Maria huyo. Yosefu ni gunzi refu zaidi lenye njiti ya fagio kama fimbo. Kondoo ni donge la udongo lenye miguu minne ya vijiti, na kama mguu mmoja ni mfupi kondoo atalala, kondoo hulala. Pango lenyewe linaweza kuwa kikapu cha milulu cha Iringa kilicholazwa ubavu, au chungu kilichopasuka mdomo. Wenye ndugu Kyela na Matema wanajua vyungu vya Wakisi wa Ikombe. Kimoja kilichovunjika kikilazwa chini kinakuwa pango kuliko pango la dukani.

Kuna faida nyingine ambayo watoto wa mijini mikubwa hawana. Luka anaandika kwamba Maria alimlaza mwanawe katika hori ya kulia ng'ombe. Mtoto wa Njombe au Rungwe, ambako ng'ombe wa maziwa wanalishwa bandani, anaijua hori hiyo. Ameona ulimi wa ng'ombe ukiiramba, anajua harufu yake na ubaridi wake asubuhi. Mwache akuambie mwenyewe ingekuwaje kumlaza mdogo wake humo. (Ng'ombe na punda wenyewe Luka hawataji, mapokeo yamewatoa kwa nabii Isaya 1:3. Wasiondolewe kwa sababu hiyo.)

*Mfuko.* Karibu bure kwa njia niliyoeleza. Sanamu za plasta za dukani ni ghali, na ukiwa na mtoto wa miaka 2 usizinunue.

*Jioni ya Jumatano.* Ni desturi inayosamehe. Mkisahau siku mbili, Maria na Yosefu walichoka wakalala njiani, kesho wanapiga hatua tatu. Mtoto wa miaka 4 anaweza kusogeza peke yake huku wewe unasonga ugali, na mkasali Salamu Maria moja hapo hapo mkiwa wima jikoni.

*Hatari na usumbufu.* Moto hakuna. Kuna vitu vidogo vya kumezwa, kwa hiyo wa chini ya miaka 3 wape magunzi, si shanga wala mbegu. Na kuna upotevu: Yosefu ataonekana kwenye gari la kuchezea, kondoo ataliwa na panya kama ni wa unga. Kwa wazazi wanaopenda nyumba iliyonyooka, hili linakera wiki baada ya wiki.

*Anachobaki nacho.* Habari yenyewe, kwa mpangilio wake, na pengo lililo katikati. Hori tupu linazua swali ambalo mzazi hana haja ya kulitengeneza: "Mama, mbona mtoto hayupo?" Jibu ni moja kila siku, hajazaliwa, tunamngoja, na kwa umri huo hayo ni mafundisho yote ya imani. Upungufu wake ni kwamba bila mtu mzima kusimulia, pango linaishia kuwa midoli.

*Linamfaa nani.* Nyumba zenye watoto wa miaka 2 hadi 5, nyumba finyu, na nyumba zenye bibi au dada anayebaki na watoto mchana.

Kamba ya siku

Kamba inafungwa ukutani, na juu yake karatasi zilizokunjwa, moja kwa kila siku ya Majilio. Ndani kuna tendo dogo: mpelekee bibi maji ya kunawa; msalie jirani anayeumwa; leo mdogo wako achague wimbo; tia sarafu kwenye kibubu. Fedha ya kibubu inakwenda Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson ili watoto wasaidie watoto wenzao.

Angalizo la hesabu: zile kalenda za chokoleti za madukani huanza 1 Desemba na zina madirisha 24 kila mwaka. Majilio hayaendi hivyo. Yanaanza Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, kwa hiyo yana siku kati ya 22 na 28. Mwaka 2026 yanaanza 29 Novemba, karatasi 26. Mwaka 2027 ni 28 Novemba, karatasi 27. Mwaka 2028 ni 3 Desemba, karatasi 22 tu.

*Mikono ya mtoto.* Kufungua anaweza, kusoma hawezi. Wa chini ya miaka 6 anahitaji picha: ndoo, mkono, kitanda cha mgonjwa. *Mfuko:* madaftari yaliyokwisha ya wakubwa na kamba ya nguo.

*Jioni ya Jumatano.* Uzuri wake ni kwamba haibagui saa. Inafunguliwa alfajiri kabla mama hajaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, kufungua biashara, au saa 3 usiku baba akirudi. Lakini haisamehi. Karatasi tatu zikirundikana mtoto anazifungua zote pamoja kama pipi, na kungoja kumekwisha. Halafu kuna kazi ambayo haionekani: kubuni matendo 26 yanayowezekana kwa mtoto wa miaka 4. Kaa chini jioni moja kabla Majilio hayajaanza, uandike yote. Siku zingine zinajiandika zenyewe: 6 Desemba, Mtakatifu Nikolaus, toa kitu kwa siri; 8 Desemba, Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, maua mbele ya picha yake; 13 Desemba, Mtakatifu Lusia, washeni taa mapema; na kuanzia 16, mnapoanza Novena ya Noeli (sala za siku tisa) na jumuiya, tendo ni kwenda na kukaa kimya kadiri iwezekanavyo.

*Hatari.* Ugomvi wa nani afungue, na biashara: "Nikimpelekea bibi maji utanipa nini?" Tendo likilipwa limeharibika, bora lirukwe.

*Anachobaki nacho.* Kwamba kungoja kuna kazi ndani yake, na kwamba Majilio yana mtu mwingine zaidi ya mimi. Mtoto wa miaka 6 aliyetia sarafu zake mwenyewe kwenye kibubu anaikumbuka ile siku ya kukipeleka kanisani. Habari ya Bethlehemu, lakini, haimo humu, utaisimulia kivyako.

*Inamfaa nani.* Watoto wa miaka 5 hadi 7, wazazi wa zamu, na watoto wanaolala nyumba mbili tofauti kwa wiki, kwa kuwa karatasi zinabebeka.

Na Misa: usiku wa 24 au mchana wa 25?

Hili nalo linagawa nyumba. Kwanza, amri ya kushiriki Misa ya Noeli inatimizwa kwa Misa yoyote kati ya hizo, jioni ya 24 au siku yenyewe, na kwa kanuni ya 11 ya sheria za Kanisa mtoto ambaye hajatimiza miaka 7 hafungwi na amri hiyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwamsha mtoto mwenye mafua saa 5 usiku kwa hofu ya dhambi.

Tofauti ambayo wazazi wengi hawaitazami ni Injili. Misa ya usiku inasoma Luka 2:1-14: safari, hori, wachungaji, malaika. Ndiyo habari ambayo mtoto ameingoja mwezi mzima. Ya alfajiri inaendelea na wachungaji wakifika horini. Misa ya mchana kwa kawaida inasoma mwanzo wa Yohane, "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", ambayo kwa mtoto wa miaka 5 ni giza tupu. Ile ya mkesha wa jioni ina Matayo 1, na padre akiisoma nzima kuna ukoo wote kuanzia Abrahamu.

Usiku kuna nyimbo, kuna mwanga, mtoto anasimulia mwaka mzima. Kuna pia baridi ya Desemba, tope, na kutafuta usafiri saa 7 usiku mvua ikinyesha na mtoto amelala begani. Mchana ni salama na watoto wameshakula, ila kanisa linafurika, na parokia ikiwa na ubatizo siku hiyo jiandaeni kwa saa nyingi. Kaeni pembeni karibu na mlango. Mkienda mchana, someni Luka 2 nyumbani usiku wa 24 mbele ya pango au shada, mtu mmoja asome polepole.

Kwa hali yako

Una mtoto mchanga na mwingine wa miaka 3, umechoka: pango la magunzi, Misa ya mchana au ya alfajiri kama mnakaa jirani na kanisa. Usijiongezee.

Mnaishi chumba kimoja: pango au kamba. Shada lisubiri nyumba kubwa, au lifanyeni bila moto, mishumaa ya karatasi inayobandikwa ukutani mmoja kila Dominika.

Una watoto wa miaka 4 hadi 7 na mnakula pamoja jioni: shada litawafaa, na ndoa mseto ni sababu nyingine ya kulichagua.

Baba yuko Mbeya, mama na watoto wako Makete: kamba, kila upande na nakala yake, na tendo la siku linasemwa kwa simu.

Mnasafiri kwenda kijijini tarehe 20 au 22: msiache desturi mjini. Pango linaingia kwenye kiroba kimoja, Maria na Yosefu wasafiri nanyi kwenye basi. Shada mlimalizie kwa bibi kwa majani ya huko. Mwulizeni bibi mapema kuhusu Misa, maana kigangoni, kanisa dogo la kijijini lililo chini ya parokia, padre hafiki kila Noeli usiku. Mara nyingine anapita vigango kadhaa kwa siku moja na saa yenu inaweza kuwa saa 9 mchana. Katekista anakuwa na ratiba, mpigieni kabla hamjakata tiketi.